Imekwenda Harusini

Ghala la kahawa la Uru halina kahawa tena.
Tulikabidhiwa ufunguo mwaka ule watu walipong'oa mibuni
wakapanda nyanya, na baada ya nyanya parachichi.
Sisi ni kumi na mmoja, wanachama wa Kale Yetu
(wawili wamekufa, lakini kwenye mahudhurio bado tunawaita),
kila Jumamosi ya kwanza tunafagia mavi ya popo,
tunapanga vitu.

Mimi ndiye mwandishi wa daftari.
Mwandiko wangu ni wa shule ya misheni, umelala kulia
kama migomba baada ya upepo.
Namba moja: kengele ya shule, kipande cha reli
kutoka stesheni ya Moshi mjini. Hatuulizi kilitokaje.
Namba kumi na mbili: jembe la kuzibulia mfongo,
limelika mpaka limebaki na upana wa kijiko.
Aliyechoka ni chuma, si Filotea.

Namba kumi na tisa ni mizani,
na hapo ndipo tulipogombana.
Mwenyekiti alitaka niandike: Mizani ya ushirika.
Protasi Mlay akapiga meza.
Baba yake alishusha magunia juu yake misimu ishirini,
na kila msimu gunia lilipungua ratili tatu
kati ya mgongo wa baba na kalamu ya karani.
"Andika mwizi," akasema. "Mwizi wa chuma, miguu minne."
Karani alikuwa baba wa mwenyekiti.
Mvua ikapiga bati, hakuna aliyemsikia mwenzake,
nami nikaishukuru mvua.

Sasa ina vibao viwili, kimoja kila ubavu.
Mgeni anasoma kile anachokutana nacho kwanza.
Tuliwahi kuijaribu kwa kilo moja ya sukari ya dukani:
mshale ukatetemeka, ukasimama pabaya.
"Huenda ni muuza sukari," akasema mwenyekiti.

Namba arobaini na moja: kata ya mbege.
Kibuyu kilichopasuliwa kwa urefu, mpini mweusi kwa viganja,
ufa umeshonwa kwa waya wa shaba.
Eustokia aliileta mwenyewe, imefungwa ndani ya kanga,
akaweka dole gumba kwenye daftari
ingawa anajua kuandika kuliko mimi.
"Nimewapa," akasema.

Wiki ya tatu akarudi.
Mjukuu anaolewa Kibosho,
na wakwe hawapokelewi kwa kikombe cha plastiki.
Tukamsomea katiba, ibara ya sita:
kitu kilichopokelewa hakitoki.
Akatusikiliza mpaka nukta ya mwisho, kwa adabu zote,
akaichukua.

Ilirudi Jumanne, inanuka ulezi na ndizi.
Tangu hapo imetoka mara kumi na nne:
ubatizo, matanga, kesi ya mpaka iliyoisha vizuri,
na mara moja bila sababu, alisema tu ameiota.
Nimechoka kufuta, kwa hiyo nimeiandikia kadi.

Jana walikuja watoto wa darasa la tano.
Walipita jembe, walipita mkuki, waligonga reli
mpaka mwalimu akakasirika.
Mmoja tu, mwenye viatu vya kaka yake,
alisimama mbele ya rafu tupu,
duara moja safi katikati ya vumbi,
akasoma kwa sauti: "Kata. Imekwenda harusini."
Akanigeukia. "Itarudi lini?"
Nikamwambia inategemea mbege.
Akaandika hivyohivyo, akapigia mstari.

Jioni nikitafuta ufunguo wa kufungia
nilimkuta Protasi bado yumo ndani, taa hajawasha,
kiganja juu ya sahani ya mizani.
Anabonyeza kidogo, anaachia.
Anabonyeza tena, ameinama kwenye mshale
kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.
Sikumwita.
Nilikaa kwenye kizingiti, nikamsubiri
azitafute zile ratili tatu.